Kuhamia kijijini na mume askari: niliyojifunza Nachingwea

Amri ya uhamisho humtaja mtu mmoja. Ina namba yake, cheo chake, kikosi anachotoka, kikosi anachokwenda na tarehe ya kuripoti. Mke hayumo, watoto hawamo, wala cherehani inayolipa ada haimo. Kazi ya kuihamisha familia hubaki nyumbani, na mara nyingi humwangukia mwanamke, maana askari akisharipoti amesharipoti. Wiki ile ile unaweza kusikia yuko lindoni au yuko porini kwenye mazoezi, nawe bado unahesabu maboksi.

Mimi ni fundi cherehani, kwetu Iringa, na nimeolewa na askari wa JWTZ. Tulikuwa Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, na mwaka 2016 tukahamia Nachingwea, mkoa wa Lindi. Tulikaa huko hadi 2021. Ninawaandikia wenzangu ambao amri imewafikia sasa na wanaambiwa na kila mtu "pole". Wengine mtapelekwa Tabora, wengine Songea, wengine Monduli, wengine Kaboya kule Muleba. Mazao yatakuwa mengine na baridi itakuwa nyingine, lakini ninalotaka kuwaambia ni lile lile: msihamie kijijini kama mtu aliyekaa kituoni akisubiri basi. Nimewaona akina mama waliokaa Nachingwea miaka minne bila kufungua nusu ya mizigo yao, wakisema "sisi hapa ni wapita njia". Miaka minne ya mtoto ni tangu chekechea hadi darasa la tatu. Na siku mume atakapopelekwa mbali, ndugu wa Dar watapiga simu tu. Atakayebisha hodi usiku ni jirani.

Nianze na mambo ya safari, niyamalize haraka. Kabla godoro halijafungwa kamba, tafuta bahasha moja ngumu. Tia humo cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, vitambulisho vya NIDA, taarifa za shule na nakala ya amri yenyewe. Bahasha hiyo isipande fuso, ikae kwenye mkoba wako begani. Uhamisho wa mtoto wa shule ya msingi hupita kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka na wa shule anayokwenda, na siku hizi taarifa zake zinafuata namba yake ya PREM, ile aliyosajiliwa nayo kama mwanafunzi, kwa hiyo iandike mahali usipoweza kuipoteza. Mtoto aliye darasa la nne au la saba mfikirie peke yake. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na kumng'oa mtoto ambaye ameshasajiliwa ni kumtafutia usumbufu wa bure. Sisi mkubwa wetu tulimwacha kwa shangazi yake hadi alipofanya mtihani. Nililia, lakini lilikuwa jambo sahihi.

Katika vyombo, makochi makubwa ya Dar hayana kazi kijijini. Vyandarua, madumu ya maji, taa za sola, jiko la mkaa zuri na, kwa fundi kama mimi, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, hivyo ndivyo vilivyotulisha na kutulinda. Umeme ulikuwepo mjini Nachingwea, na kwetu kijijini ulikuja baadaye. Hata ulipokuja, cherehani ya miguu haikupumzika.

Barabara nayo uijue kabla ya kuipanda. Kutoka Dar unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni, na wazee wa Lindi bado wanasimulia jinsi walivyolala njiani msimu wa mvua. Unapita Somanga na Nangurukuru, unakamata Mingoyo, unapanda Mtama na Ndanda hadi Masasi, kisha unaelekea Nachingwea, kama kilomita 45 ambazo wakati wetu zilikuwa za vumbi kiangazi na za tope masika. Mvua kule ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Niliweka desturi: ikifika Novemba nina unga, sabuni, mafuta ya taa, dawa za homa za watoto na vitambaa vya sare vya kutosha hadi mvua ipungue. Mvua za 2024 zilipoikata ile barabara eneo la Somanga sisi tulikuwa tumeshaondoka, lakini niliwaambia wanangu, mnaona ile stoo ya mama haikuwa uoga.

Sasa nije kwenye yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Tulipanga nyumba kijijini, mwendo wa miguu kutoka kambini. Jirani yangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kimwera, mjane, mwenye mikorosho yake na heshima yake. Nilikwenda kumwamkia nikiwa na kilo ya sukari. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, sisi ni wageni, mume wangu ni askari, tumehamishiwa hapa." Akaitikia marahaba, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kwani nyie ndio askari wa kwanza kuletwa hapa?"

Kisha akanisimulia, kwa siku nyingi, nikiwa nabambua naye kunde barazani. Baba yake alifyeka pori kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 katika maeneo matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wazungu walikuja na matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja hadi huku bara, na ilipofika 1951 serikali yao ikautupa mkono. Karanga hazikuwa. Reli ikaja kung'olewa. "Hawakumuuliza baba mvua inanyesha lini," alisema bibi, na alisema kwa uchungu kabisa, kama jambo la jana. Baadaye wakaja wapiganaji wa FRELIMO, waliokuwa wakipigania uhuru wa Msumbiji, wakapewa eneo la Farm 17, iliyokuwa sehemu ya mashamba yale yale ya mradi. Bibi alikuwa msichana. Anawakumbuka wakipita kwa nyimbo, na anakumbuka watu wa vijiji wakichangia chakula. Samora Machel aliwafunza wapiganaji wake pale, na Mei 1975 alivuka Ruvuma kurudi kwao. Mwezi uliofuata Msumbiji ikawa huru.

Kwa hiyo kijiji kile kimezoea watu wanaoletwa na amri kutoka mbali. Kimepokea waliokuja na fedha, kimepokea waliokuja na bunduki, na wote kimewaona wakiondoka. Ukifika hapo, hawakushangai. Wanakutazama tu wajue wewe ni wa namna gani: wa kuuliza mvua inanyesha lini, au wa kutandaza matrekta. Tangu siku ile niliuliza kila kitu. Nilimuuliza bibi kisima kipi maji yake hayakauki Oktoba, nani mkunga mzuri, mwenyekiti wa kitongoji anapatikana saa ngapi, siku ya gulio ni lini. Hakuna aliyenicheka kwa kuuliza.

Msiba ndio mlango mkubwa. Kijijini mtu anaweza kukusamehe usipomwalika kwenye sherehe, lakini usipofika msibani kwake, hilo halifutiki. Na kufika si kusaini daftari la rambirambi na kukaa kwenye kiti cha plastiki. Unafika na unga au kuni au ndoo ya maji kichwani, unavua viatu, unakaa mkekani na wanawake wenzako, unasonga ugali wa watu, unalala huko ukihitajika. Mimi ni Mkristo na majirani zangu wengi walikuwa Waislamu. Nilijifunza kutoka nyumbani na kanga mbili, moja kichwani. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa napeleka futari kwa bibi, na wanangu walijua wasile wakizunguka mitaani mchana. Krismasi bibi aliniletea kuku. Haya si mambo ya kuhesabiana. Ndivyo watu wanavyojuana.

Nikasema msiba ndio mlango, na nilikuja kuuona ukifunguka upande wangu.

Mwaka 2017 mume wangu alipelekwa Kongo kulinda amani, na kikosi cha Tanzania kilichokuwa chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa huko. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kesho yake habari ikawa redioni, na majina hayakuwa yametajwa. Mtandao wa simu kwetu ulikuwa wa kupanda kichuguu. Nilipiga, haikupatikana. Nilipiga tena, haikupatikana. Nilipogeuka kurudi nyumbani, barazani walikuwa wamekaa wanawake, bibi akiwa katikati, na hakuna aliyekuwa ameitwa. Mmoja alishamchukua mtoto wangu mdogo mgongoni. Mwingine alikuwa jikoni kwangu anakoleza moto. Hawakuniuliza kitu. Walikaa hivyo usiku ule na mchana uliofuata, hadi aliponipigia mwenyewe kwa namba nisiyoijua, akasema maneno machache, ni mzima. Wapo wenzangu ambao simu yao haikuwa hiyo. Siwezi kuandika habari za Semuliki bila kuwakumbuka.

Kutokana na siku zile nina mambo ya kukuambia, na ninaomba uyasome mara mbili.

Habari za mumeo zitoke kikosini. Siku kama hiyo simu itajaa majina na picha, nyingine za kubuni, na kuna mama utakayemuua kwa kumtumia jina ambalo halijathibitishwa. Usipokee, usisambaze. Kabla hajasafiri, jua ni ofisi gani kikosini ya kwenda, na uende kwa miguu yako kuuliza.

La pili ni karatasi. Mume na mke wakae chini kabla ya safari, waangalie taarifa za ndugu wa karibu zilizoko kikosini ni za sasa au bado zina jina la mtu wa zamani. Cheti cha ndoa kiwepo. Vyeti vya watoto viwepo na majina yafanane herufi kwa herufi. Mambo ya mirathi yakifika mahakamani, yanakwenda kwa ushahidi na karatasi, si kwa jinsi mlivyopendana. Wanaume wengi hawapendi mazungumzo haya, wanaona ni uchuro. Yaanzishe wewe, kwa upole, jioni watoto wakiwa wamelala, na usikubali yaahirishwe.

La tatu, ulimi. Kijijini salamu ina maswali mengi na hayana ubaya: baba hajambo, yuko wapi, anarudi lini. Jibu moja linatosha: "Yuko kazini, hajambo, anawasalimu." Wafundishe na watoto jibu hilo hilo. Tulikuwa karibu na mpaka wa Msumbiji, na baada ya machafuko ya Cabo Delgado kuanza mwaka ule ule wa 2017 watu waliuliza zaidi, kwa hofu ya kweli. Niliwaelewa, na sikusema zaidi ya hilo.

Kuhusu gwanda. Vijana watakuomba kombati iliyochakaa ya shambani, kwa nia safi tu, kwa sababu ni ngumu haichaniki na miiba. Usimpe. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na atakayekamatwa ni yeye, wewe ukiwa umelala. Mimi nilikuwa nashona suruali nzito za kaki kwa bei nafuu, na kila aliyeomba kombati nilimwonyesha hizo.

Gwanda lina uzito mwingine ambao ni mbaya zaidi. Mbuzi wa jirani ameingia bustanini, mteja hajalipa sare ya mtoto, mpangaji mwenzio anapiga redio usiku. Ukimtuma askari akaongee naye, utashinda siku hiyo. Mbuzi hawataingia tena. Na hakuna atakayekaa barazani kwako tena. Kijana mmoja wa kikosini aliwahi kusikia kuwa nina madeni mtaani, akaniambia, "Mama, nipe majina tu." Nilimshukuru, nikampa chai, nikamwambia hapa kuna mwenyekiti wa kitongoji na kuna baraza la kata, na wateja wangu watalipa korosho zikiuzwa. Walilipa. Familia ya askari kijijini inaogopwa kabla haijafanya lolote, na hofu hiyo unatakiwa kuipunguza wewe, kila siku, kwa mikono yako, kwa sababu wao hawawezi kuanza.

Fedha ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndipo nimeona familia nyingi za askari zikiharibu jina.

Fikiria hali yenyewe. Wewe nyumbani kwako mshahara unaingia kila mwezi. Jirani yako fedha yake inakuja kwa msimu: ufuta kati ya Juni na Julai, mbaazi zikifuata, kisha korosho kuanzia Oktoba. Januari hadi Machi, mvua inanyesha, kazi shambani ni nyingi, ghala ni tupu, na shule zimefunguliwa zinataka sare na madaftari. Miezi hiyo watu watakuja kwako. Watakuja kwa aibu, jioni, wakizunguka maneno. Utakopesha, huna namna. Nyumba yenye mshahara haiwezi kukaa kimya katikati ya watu wenye njaa. Lakini panga mapema unakopesha kiasi gani ambacho hata kisiporudi watoto wako watakula, na usivuke hapo. Mimi nilikopesha kwa sare zaidi kuliko fedha taslimu. Mtoto anakwenda shule amevaa, mzazi analipa Novemba.

Kisha atakuja mtu mwingine, mchana, akitabasamu, akufundishe kangomba. Usiye mwenyeji wa kusini huenda hulijui neno hilo. Ni kununua korosho za mkulima kinyemela, nje ya chama cha msingi, mara nyingi kabla mkorosho haujatoa hata maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu Februari mkulima anamuuguza mtoto na hana pa kukimbilia. Msimu ukifika, mwenye fedha anachukua korosho zote. Utaambiwa, "Mama, wewe una mshahara, ungekuwa tajiri hapa." Ni kweli, ungetajirika. Ungetajirika kwa homa za watoto wa jirani. Na ni kinyume cha sheria, kwa sababu korosho zinatakiwa zipite chama cha msingi, ziende ghala kuu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ziuzwe mnadani. Nilikataa, na nilimweleza mume wangu kwa nini nimekataa, ili asije akashawishiwa upande wake.

Mwaka 2018 ulituonyesha wote mwisho wa mambo hayo. Msimu ulifunguka, bei za minadani zikawa chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi ndilo litakalozisomba. Malori ya jeshi yakaingia maghalani. Fikiria wewe ni mke wa askari katika kijiji cha korosho wiki ile. Asubuhi walikuwa wananipigia vigelegele njiani. Kisha ukaja uhakiki, mkulima mmoja mmoja, aonyeshe shamba lake lilipo, maana fedha haikulipwa kwa mzigo usio na shamba. Waliokuwa na magunia ya kangomba walipata taabu kubwa. Malipo yalikwenda kwa awamu, na waliokuwa wanasubiri zamu yao walianza kuniuliza mimi, "Mama afande, zetu lini?"

Nilijibu nisilojua kuwa silijui. Sikusema "wiki ijayo". Hili ninalisisitiza kwa sababu kishawishi ni kikubwa: unapenda majirani, unataka kuwapa moyo, na wanakuona kama dirisha la serikali. Ahadi ya mke wa askari huchukuliwa kama ahadi ya jeshi. Nilichoweza kufanya nilikifanya: nilisogeza mbele madeni yote ya sare bila kuuliza, na wale waliokuwa na simu zisizo na salio niliwaacha watumie yangu kumuuliza katibu wa chama chao. Mwaka ule nilikula hasara kwenye ushonaji. Katika miaka yangu yote ya Nachingwea, ndio mwaka nilioheshimika zaidi.

Watoto. Wadogo walizoea mapema kuliko sisi. Ndani ya msimu mmoja walikuwa wanakula ming'oko na mabibo na kuongea kwa lafudhi ya huko. Kwa binti aliyekaribia kupevuka kuna jambo linahitaji utulivu wa mama. Likizo za Juni na Desemba ngoma za unyago zinalia, mabinti wa rika la wangu wanaingia ndani, wanatoka wamevalishwa, wanatunzwa. Binti yangu aliniuliza kwa nini yeye haendi. Na wanawake nao waliuliza, kwa sababu kwao mtoto ambaye hajachezwa ni kama mama yake hajamjali. Niliwahi kusikia mwenzetu mmoja akiyaita mambo hayo ushenzi, mbele ya watu, na hakupata mwanamke wa kumsaidia kuchota maji tena. Mimi nilikwenda kwa bibi. Nikamwambia, "Bibi, huyu kwao wana namna yao ya kumfunda, na baba yake na mimi tumeamua atafundwa na shangazi zake likizo ijayo. Lakini wenzake hatawaacha peke yao." Bibi akakubali, akawaeleza wengine kwa maneno yao. Nikashona nguo za mabinti watatu wa mtaa bila malipo, binti yangu akaenda kwenye sherehe ya kutoka, akawatunza wenzake kanga. Uamuzi ni wenu kama wazazi. Namna ya kuusema ndiyo itakayowaweka au kuwatoa.

Afya niseme machache, ingawa ina uzito. Lindi na Mtwara malaria ni nyingi. Chandarua ni kila usiku, hata kiangazi. Mtoto akichemka usisubiri asubuhi kwa panado. Zahanati wana kipimo cha haraka na dawa mseto, na mtoto anayechelewa ndiye anayezidiwa. Jua tangu wiki ya kwanza bodaboda gani anaamka usiku ukimpigia, na umlipe vizuri siku za kawaida ili akumbuke. Kwa mambo makubwa watu wetu walikwenda Ndanda, hospitali ya Wabenediktini, kama kilomita 40 kupita Masasi. Ukiwa mjamzito na mvua iko karibu, sogea mjini kabla siku hazijafika. Kitu kingine usichokijua ukitoka Dar ni salfa. Mikorosho ikitoa maua, katikati ya mwaka, wakulima wanapuliza unga wa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na asubuhi hewa inawasha macho na kifua. Mwenye mtoto wa pumu aulize mashamba ya jirani yanapulizwa siku gani, aanike nguo ndani, na dawa ya kuvuta iwe karibu.

Upweke nao upo, sitawadanganya. Jioni za Machi, mvua kwenye bati, mume hayupo, mtandao umekatika. Wake wa askari wenyewe kwa wenyewe tulisaidiana sana, na ninawashauri mtafutane. Lakini msifanye kambi ndani ya kambi, mkakaa kutwa nzima kuwasema wenyeji. Kilichoniponya mimi ni kikoba cha wanawake wa mtaani. Tulikutana kila wiki chini ya mwembe, tunaweka hisa, tunakopa kwa zamu, na Desemba baada ya korosho tunavunja kikundi na kugawana. Pale nilikuwa mwanachama tu kama wengine, nikilipa faini nikichelewa. Kuna mwezi nilikopeshwa mimi, mwenye mshahara nyumbani, kwa sababu fedha ya mume ilikuwa haijafika na mtoto alikuwa anaumwa. Walinipa bila maswali.

Amri ya kuondoka ilikuja katikati ya 2021. Kuondoka kuna adabu yake, na watu wanaikumbuka kuliko kuja. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuaga kabla lori halijafika, siyo siku lilipokuwa linapakia. Kikoba kilikuwa katikati ya mzunguko, nikaomba hisa zangu zibaki hadi wakivunja Desemba, ili nisiwatikise wenye mikopo. Nilikuwa nimemfundisha kushona binti mmoja wa pale mtaani aliyeishia darasa la saba, na oda za sare za Januari nilimkabidhi yeye pamoja na daftari la wadaiwa. Tukaandikiana kwamba madeni atakayolipwa korosho zikiuzwa tutagawana nusu kwa nusu. Novemba akaanza kunitumia kwa simu, kidogo kidogo, kila fedha na jina la aliyelipa.